Dozi za Juliana

Kila tulipotoka shule, mimi na Juliana tulivua sare, tukala tulichoachiwa jikoni, kisha tukashuka barabarani kwa mama. Mama aliuza nyanya hapa hapa Ilula, kwenye meza ya mbao kando ya lami. Kazi yetu ilikuwa kuzifuta kwa kitambaa, kuzipanga kwenye ndoo ndogo na mabeseni, kubwa zikae juu kama wafanyavyo wauzaji wote, na kukimbilia basi linaposimama. Basi halimsubiri mtu. Unatia kata, ule mviringo wa kitambaa, kichwani, unajitwisha beseni, unakimbia huku umeinua uso kwenye madirisha, na unaita.

Juliana alijua kuita. Mimi nilipiga kelele tu. Yeye alisema, "Shikamoo bibi, nyanya za kachumbari hizi, zimechumwa leo," na bibi wa watu akafungua dirisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, yeye kumi na mmoja. Mimi niliuza pale tangu nikiwa darasa la pili, yeye alikuja Januari. Hata hivyo jioni beseni lake lilirudi tupu na langu likarudi na nusu, na mama akasema mbele ya wauzaji wenzake, "Huyu mtoto ana nyota ya biashara." Kuhusu mimi hakuwahi kusema hivyo.

Nilikuwa na wivu. Nasema mapema ili usinitafutie sababu nzuri. Juliana ni mtoto wa mama mdogo Gloria, wa Uyole kule Mbeya. Baba yake alipofariki, mama mdogo alibaki na watoto wanne na meza ya viazi sokoni, ndipo mama akamwambia, "Nipe mmoja nikusaidie kulea." Juliana alikuja na begi moja. Akapewa nusu ya kitanda changu, nusu ya blanketi langu na, kwa hesabu zangu za wakati ule, zaidi ya nusu ya mama yangu.

Mwezi wa tano baridi ilipoanza, Juliana alishikwa na mafua yasiyoisha. Kamasi zilikuwa nzito, za njano, na kichwa kilimuuma juu ya nyusi. Akiinama kufagia, machozi yalimtoka. Mama alimpeleka zahanati, nesi akampa dawa ya rangi mbili: kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku kumi, na zote zimalizwe hata kama mgonjwa atapata nafuu.

Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda shambani kuchuma, na kutoka shambani alikwenda moja kwa moja barabarani. Kwa hiyo dawa alinikabidhi mimi.

"Devota, wewe ndiye mkubwa," alisema. "Ukimpa kidonge, chora mstari mmoja kwa mkaa hapa mlangoni pa jiko. Mitatu kwa siku. Nikirudi naangalia."

Kisha akaongeza mambo mawili. Dawa ile ingeweza kumchoma Juliana tumboni, kwa hiyo kila mchana niende kwa mama Marta, jirani yetu mwenye ng'ombe, nimchukulie kikombe cha maziwa. Na Juliana asibebe beseni mpaka apone. Maana yake mabeseni yote yakawa yangu.

Siku tatu nilifanya kama nilivyoagizwa. Mchana nilimtazama akinywa maziwa taratibu, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Jioni nilimtazama mama akimpapasa paji la uso kabla hata ya kuniuliza habari za shule. Roho iliniuma kweli kweli. Siku ya nne Juliana aliamka anacheka.

"Dada, kichwa kimeacha!"

Hapo nikaona njia. "Basi mama kasema ukipata nafuu inatosha," nilimwambia. "Dawa nyingi zinaharibu damu."

"Kasema hivyo?"

"Kasema jana, wewe umeshalala."

Aliniamini, na kwa nini asiniamini? Vidonge vilivyobaki nilivitupa chooni. Mistari niliendelea kuchora, mitatu kila siku, mizuri, iliyonyooka. Maziwa pia niliendelea kuyafuata kwa mama Marta, nikayanywa nyuma ya ukuta wake. Yalikuwa matamu, siwezi kudanganya tena. Mama akiuliza, "Dawa zinaendaje?" mimi nilikuwa wa kwanza kujibu kutoka jikoni. Siku ya kumi alihesabu mistari, akasema, "Mwanangu, umenisaidia sana." Niliinama nikachochea moto.

Juliana alirudi barabarani na beseni lake. Wiki mbili baadaye, shule ikiwa imefungwa kwa likizo ya Juni, alitokwa na uvimbe katikati ya paji la uso. Ulikuwa laini, kama nusu ya nyanya iliyowekwa chini ya ngozi, na hakutaka uguswe. Wauzaji wote walikuja kuutazama.

"Ni kata hiyo," alisema mama Marta. "Hawa watoto wa Mbeya hawajui kuifunga. Kaiweka mbele mno, beseni limemkalia kwenye paji. Hata mimi nilivimba hivyo mwaka ule. Mkande tu, mama Devota."

Wote walikubali. Hapa kwetu hakuna mwanamke wa nyanya ambaye beseni halijawahi kumvimbisha mahali, kwa hiyo nani angefikiria kingine? Mama akawa anamkanda asubuhi na jioni kwa kitambaa cha maji moto ya chumvi, akimwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, kichwa cha mtoto kikiwa mapajani mwake. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni, shingo inaniuma kwa mabeseni. Siku moja nilijibonyeza paji langu kwa nguvu nione kama na mimi naweza kuvimba. Halikuvimba.

Kukanda hakukusaidia. Uvimbe ulikua, kope ya jicho moja ikavimba hadi ikajifunga, homa ikapanda, na asubuhi moja Juliana akatapika mara tatu kabla ya uji. Mama hakungoja tena. Zahanati walituandikia barua, tukaenda hospitali Iringa mjini. Daktari wa pale alibonyeza ule uvimbe kwa kidole kimoja. Alipokitoa, alama ya kidole ikabaki kama kwenye unga uliokandwa.

"Hii si kata, mama," alisema. "Nahofia ni mfupa wenyewe."

Alimchoma sindano ya kwanza, akaagiza gari la wagonjwa litupeleke hospitali ya rufaa Mbeya, ambako kuna wataalamu wa pua na wa kichwa. Baba alikuwa kwenye mpunga huko Chimala na hapakuwa na wa kunibakiza naye, hivyo na mimi nikapanda. Tulipita Chimala bila kusimama. Njia nzima mama alimshika Juliana kifuani, na mimi nilikaa pembeni na begi la nguo. Utaniona wa ajabu, lakini hata ndani ya gari lile nilimwonea wivu.

Mbeya alitupokea Daktari Anyitike, mama mfupi mwenye sauti ya chini. "Ndaga, mama. Poleni na safari," alitusalimu kwa Kinyakyusa cha kwao, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alimtazama Juliana puani kwa tochi, akamgusa juu ya nyusi, akauliza habari za mafua. Kisha akatueleza kwa mkono wake mwenyewe, akijigusa usoni.

"Hapa nyuma ya nyusi, ndani ya mfupa, kuna vyumba vidogo vya hewa. Mlango wake uko puani. Mafua yakiuziba, usaha unakaa humo. Ukikaa sana unaanza kuula mfupa wa paji, halafu unatokeza mbele kama hivi. Kumkanda kulimwongezea maumivu tu, lakini hamkujua. Sasa niambie, mama, zile dawa za zahanati alizimaliza?"

"Zote, daktari. Siku kumi. Mistari nilihesabu mwenyewe."

Daktari aliacha kuandika. "Hapo ndipo panaponipa shida. Kama amemaliza dozi nzima na bado mfupa umeoza, basi huenda dawa zetu za kawaida haziwezi kuua hawa wadudu. Huenda hata ni kifua kikuu cha mfupa, na hicho kina dawa zake, za miezi mingi. Nisipojua, naweza kumpa dawa isiyo yake."

Juliana alifungua lile jicho lililoweza kufunguka. "Mama mkubwa, si ulisema zinatosha?"

"Nini kinatosha, mwanangu?"

"Dawa. Ulisema nikipata nafuu niache."

Mama alijishika mdomo. "Mimi? Jamani, sijasema mimi! Daktari, mtoto anaweweseka."

Daktari Anyitike alisimama. Sauti yake haikupanda, lakini alianza kuongea upesi. "Nesi, andika ameanza kuchanganyikiwa. Apelekwe kwenye picha sasa hivi, na chumba cha upasuaji waambiwe wajiandae." Akamgeukia mama. "Mfupa wa fuvu ni ukuta. Usaha ukiwa upande wa nje, tunapasua ngozi tunausafisha. Ukivuka kuingia upande wa ubongo, mtoto huanza kusema mambo yasiyokuwepo. Ikiwa hivyo itabidi tufungue fuvu lenyewe, leo leo."

Mama alikaa sakafuni, akalia.

Ningependa kukuambia kwamba nilisema palepale. Sikusema. Nilifikiria mistari yangu mlangoni, na "mwanangu, umenisaidia sana," na nikanyamaza. Nesi alikuja na wembe, akaanza kumnyoa Juliana nywele za mbele. Juliana alinitafuta kwa jicho lake moja.

"Mimi siweweseki," alisema. "Dada, waambie. Si mama mkubwa ndiye alikutuma uniambie?"

Mama, daktari na nesi walinitazama. Ningesema "sijui anasema nini," wangeniamini mimi. Mtoto mgonjwa mwenye homa, na mtoto mkubwa aliyekabidhiwa dawa: nani angeaminiwa? Hilo ndilo lililonitisha, kwamba lilikuwa rahisi hivyo. Huenda Juliana angefunguliwa kichwa au angepewa dawa isiyo yake, na mimi ningebaki mtoto mzuri.

"Haweweseki," nilisema. "Mimi ndiye nilimdanganya. Alikunywa siku tatu tu. Nyingine nilitupa chooni. Mama hakusema chochote."

"Na mistari?" aliuliza mama.

"Nilichora tu."

"Na maziwa?"

"Nilikunywa mimi."

Mama hakunipiga wala hakunitukana. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Daktari yeye alishageuka kwa mgonjwa.

"Juliana, leo siku gani?"

"Jumatano."

"Unasoma darasa la ngapi? Jana ulikula nini?"

"La tano. Jana makande, lakini yalitoka."

Daktari alicheka kidogo, akamwambia nesi, "Futa hilo la kuchanganyikiwa. Andika alipata siku tatu za dawa kati ya kumi." Kwangu akasema, "Umechelewa, lakini umesema. Kaa hapo."

Juliana alipelekwa kwenye ile mashine kubwa ya picha, wakamtoa damu pia. Baadaye daktari alimwita mama aone. Mfupa wa paji ulikuwa umeliwa kama mbao iliyoingiwa na mchwa, lakini ukuta wa ndani, ule wa kuelekea ubongo, ulikuwa mzima. Mama mdogo Gloria alipigiwa simu, akafika kutoka Uyole, na jioni hiyo Juliana alipasuliwa upande wa nje tu. Wakatoa usaha, wakakwangua mfupa uliokufa, wakasafisha na vile vyumba vya nyuma ya nyusi. Usaha kidogo ulipelekwa maabara wauoteshe, wajue ni wadudu gani na dawa gani inawaua. Siku ya tatu jibu lilirudi: ni wadudu wa kawaida, na dawa za kawaida zinawamaliza. Hapakuwa na kifua kikuu.

Niliporudi wodini kumpelekea mama uji, daktari alinisimamisha kwenye korido. Nilimuuliza kama mimi ndiye niliyemwozesha Juliana mfupa.

"Sitakudanganya ili ulale vizuri, wala sitakuongezea," alisema. "Kuna watoto wanamaliza dawa na bado inatokea. Lakini dozi ikikatwa katikati, wadudu waliobaki wanapata nafasi. Ulimnyima nafasi yake yeye, ukawapa wao. Na sisi madaktari tunatibu kwa kusikiliza. Mashine inaniambia mfupa umeharibika, haiwezi kuniambia nani alikunywa maziwa."

Mama alinyamaza na mimi siku nne. Siku ya tano aliniuliza kwa nini. Nilimwambia kila kitu, mpaka lile la kujibonyeza paji. Alisikiliza akikunja kanga ya mgonjwa, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ulitaka nini hasa?" aliuliza.

"Nilitaka arudi kwao."

Kwa Juliana ilikuwa vigumu zaidi. Alikuwa na bandeji kichwani na mrija wa dawa mkononi. Nilipomaliza kumwomba msamaha aliniuliza:

"Ulitaka nife?"

"Hapana! Nilitaka tu urudi Uyole."

"Haya, nimerudi," alisema. "Uyole ni hapo tu. Umefurahi?"

Alinigeuzia mgongo, na alikuwa na haki.

Sindano za mshipani zilichukua wiki tatu. Baada ya hapo aliruhusiwa kwenda kwa mama yake Uyole na vidonge vya wiki nyingine tatu, na kila wiki arudi kupimwa. Mama mdogo Gloria alimpa dawa mwenyewe, mbele ya macho yake, hata wateja wakisubiri viazi. Mimi na mama tulirudi Ilula shule zilipofunguliwa. Kitanda kizima kilikuwa changu, na blanketi lote. Barabarani niliita peke yangu. Jioni mama aliniuliza habari za shule kabla ya kitu kingine chochote, na kila alipouliza nilitamani aniulize habari za Juliana.

Mwezi wa nane tulisafiri tena kwa ajili ya kliniki ya mwisho. Daktari Anyitike alimbonyeza paji, akatazama kidole chake, akatazama majibu ya damu. Hapakuwa na uvimbe, hapakuwa na maumivu. Kovu dogo lilikuwa limejificha kwenye nywele zilizoanza kuota.

"Mfupa umetulia," alisema. "Ila mafua yakizidi siku kumi, au kichwa kikirudi hapa juu ya nyusi, usikae nayo. Njoo. Na usimwachie mtu mwingine kujua dawa zako. Wewe mwenyewe ujue ni ngapi na mpaka lini."

"Nimeshajua," alisema Juliana, na hakunitazama.

Nyumbani Uyole mama mdogo alimuuliza mbele yetu sote kama atarudi nasi Ilula. Nilisema kabla hajajibu, maana niliogopa nikichelewa nitanyamaza tena.

"Rudi, Juliana. Mimi ndiye ninayekuomba, si mama. Nyanya zinabaki."

Alitabasamu kwa hilo la nyanya, kidogo tu. "Si sasa, dada. Labda mwakani. Kwanza nikuzoee upya."

Kwa hiyo tulirudi wawili. Basi lilipoacha nyumba za Uyole nilianza kulia, na mama aliniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha akasema bila kunigeukia:

"Wivu kuusikia si kosa, Devota. Hata mimi nilimwonea wivu mama yako mdogo tulipokuwa wadogo. Kosa lako ni kuuficha mpaka ukaoza ndani yako, halafu mtu mwingine ndiye akaumwa. Siku ya kwanza ungekuja ukaniambia, mama, naona unampenda Juliana kuliko mimi. Ningekujibu."

"Ungenijibu nini?"

"Ningekuambia ni kweli, miezi ile nilimtazama yeye zaidi. Yule mtoto alikuwa anazika uso kwenye mto kila jioni akimlilia baba yake, wewe ukidhani anasinzia. Wewe sikukutazama sana kwa sababu nilikuona mzima, nikakutegemea." Akajifunga kanga vizuri. "Ningekuambia hivyo, na wewe ungenisaidia kumlea. Ukiumwa na jambo, liwe la mwili au la moyo, sema mapema kwa mtu anayeweza kukusaidia. Ukisubiri, litatibiwa kwa kisu."

Nilimwambia nimeelewa. Akanivuta kichwa begani kwake, na kikabaki hapo mpaka tulipofika Ilula.